Makosa ya Tundu la Kumi na Moja

Ipo barua moja niliyowahi kuisaini ambayo, kama ningeletewa leo, ningeirudisha mezani kabla hata ya kutafuta kalamu. Ilikuwa ya aya mbili. Ilisema mkataba wa fundi wetu wa mtandao hautaongezwa kwa sababu ya uwezo usioridhisha, na chini yake paliachwa mstari kwa ajili ya msimamizi wake wa karibu, ambaye nilikuwa mimi. Hakuna aliyenishikia panga. Nilikuwa na siku nzima ya kuifikiria, na nilichofanya ni kuagiza chai, nikanywa, nikasaini. Wiki iliyopita dada wa fundi huyo alinipigia simu kutoka kijijini kwao, Kigwa. Aliniambia kaka yake amefariki asubuhi, figo zimemshinda, na mazishi ni kesho saa nane mchana. Hakulia. Alinitajia saa, akanielekeza njia, akakata. Wasomaji wa safu hii mmezoea kunisoma nikiwalaumu wengine: madiwani, vijana, wenye mabasi. Leo mnivumilie, maana ninayemlaumu ni mimi.

Sitamtaja jina, kama ilivyo kawaida yangu hapa. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja nilimwita Mtani, naye aliniita Mtani. Mimi ni Mgogo. Nilikuja Tabora kijana kusoma sekondari, masomo yakaniishia hapa na mimi nikaishia hapa. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Kigwa, mtoto wa wakulima wa Kimoravian. Kwa kijana asiyejua mambo haya, babu zake walibeba mizigo kichwani kwenda pwani na kurudi, wakikatisha nchi ya babu zangu, ambako kila kisima kilikuwa na mwenyewe na kila mwenyewe alidai hongo kabla ya msafiri kuchota. Waligombana mpaka wakachoka, kisha wakaamua kutukanana kwa kicheko. Tangu hapo Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Kati yao hakuna kukasirika wala kushitakiana, na mmoja akifa mwenzake huingia kaburini kabla ya jeneza, akalala humo akidai ni nyumba yake, mpaka abembelezwe atoke.

Alipofika hospitalini kwetu siku ya kwanza, jasho likimtoka, tuliulizana kabila, kisha nikampa glasi ya maji. Hakuinywa. Aliiinua akaitazama kwenye mwanga, akaniuliza, "Hongo ya kisima hiki ni nini, Mtani? Shanga sikubeba." Nikamwambia anywe tu, ila kwanza atue mzigo, maana naona kichwa kimebonyea katikati. Wauguzi waliokuwa wakipita walicheka hadi wakashika ukuta. Nilikuwa nimemzidi umri kiasi cha kumzaa. Vijana wengine wa rika lake walinisalimia shikamoo kila asubuhi, nami nikawaitikia marahaba bila hata kuinua macho. Yeye hakunipa shikamoo hata siku moja, wala sikuitaka. Alikuwa akipitisha kichwa mlangoni, "Mgogo, bado hujafukuzwa?" na siku yangu ikawa imeanza.

Kazi yake wengi hawakuielewa, na mimi niliielewa kwa sababu alikuwa na subira ya kunieleza. Kompyuta zote za hospitali zilivutiwa nyaya mpaka kwenye kisanduku cha chuma wanachokiita swichi, si hii ya kuwashia taa. Chetu kilikuwa na matundu ishirini na manne, na kila waya uliingia kwenye tundu lake. Taarifa ikitumwa hukatwa vifurushi vidogo vidogo, na kila tundu huweka hesabu: vingapi vimepokelewa salama, vingapi vimefika vimeharibika. Mtani alikuwa anafungua laptopu yake, anaiuliza swichi, na hesabu inatokea tundu kwa tundu. Mafundi wengi wakiona tundu lina makosa mengi hulilaumu tundu. Yeye alikataa. "Tundu ni mnyapara wa msafara," aliniambia. "Anapokea mzigo, anaandika umevunjika. Utamchapa aliyeandika, au utarudi njiani ukaulize ulivunjikia wapi?"

Nakumbuka kompyuta ya masjala. Kwa miezi minne ilikuwa inajivuta, faili moja la mgonjwa unalisubiri mpaka mgonjwa mwenyewe anakata tamaa. Mama aliyeongoza masjala, mtu mkali asiyependa mchezo, alikuwa amekwisha kuandika kuomba kompyuta mpya. Mtani hakugusa kompyuta. Alifuta kwanza hesabu ya zamani kwenye tundu lile irudi sifuri, akisema makosa ya mwaka jana hayamsaidii mtu, anataka kuona yanayozaliwa leo. Akavuta stuli, akakaa nusu saa akitazama. Kisha akasema hakuna kilichoharibika. Mtu fulani aliwahi kuipanga kompyuta ile iongee na kusikiliza kwa wakati mmoja, na swichi kwa upande wake ilikuwa inaongea kwa zamu. Kila mmoja mzima, ila wakikutana wanagongana, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mbovu. Aliandika maneno machache kwenye laptopu, hesabu ya makosa ikasimama, na masjala ikaanza kukimbia.

"Ndiyo hivyo tu?" yule mama akauliza, kama aliyepunjwa.

"Ndiyo hivyo tu, mama. Mmeishi vibaya miezi minne kwa kukosa kuulizana."

Mama yule alimtazama sana, halafu akacheka kidogo. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka.

Sasa nifike ninakoogopa kufika. Hospitali ilikuwa imekarabatiwa, hasa ule ukumbi mrefu kati ya maabara na chumba cha upasuaji. Tuliweka dari mpya ya jipsamu, nyeupe pee, na mgeni mkubwa akaja kukata utepe. Katika hotuba yake alinitaja kwa cheo changu kama msimamizi wa kazi ile. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu, na sikuwa nimewahi kutajwa kwenye hotuba ya mtu yeyote. Wiki chache baadaye kompyuta ya maabara ikaanza kukatika. Majibu ya damu yanatumwa, wodini hayafiki. Wauguzi wakarudia kwenda na kurudi na vikaratasi mkononi, na wagonjwa wakawa wanasubiri majibu yaliyokuwa tayari tangu saa mbili zilizopita. Waya wa maabara uliingia kwenye tundu la kumi na moja, na tundu hilo lilikuwa na makosa yasiyohesabika.

Mtani aliuchomoa waya akauhamishia tundu la kumi na tisa. Makosa yakamfuata huko, na la kumi na moja likatulia. Hapo akajua tundu halina hatia. Akabadilisha kipande cha waya kinachotoka ukutani kwenda kwenye kompyuta ya maabara. Hali ileile. Mganga mkuu alimhimiza abadilishe kila kitu kwa mpigo tuokoe muda, akakataa kwa adabu. Alisema mtu akibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hata tatizo likipona hatajua alichoponya, na likirudi ataanza upya. Baada ya hapo alikaa siku mbili mbele ya swichi na daftari la shule, akiandika hesabu kila nusu saa. Watu walipita wakimwona ameketi, wakasema fundi amechoka kufikiri.

Siku ya tatu alikuja ofisini kwangu na daftari, na siku hiyo hakuwa anacheka. Alinionyesha mistari yake. Makosa yalianza saa tatu asubuhi, yakapanda mpaka saa tano, kisha yakashuka, na mchana kutwa palikuwa shwari. Siku zote mbili vilevile. Alisema tatizo haliko maabara wala kwenye swichi, liko njiani, darini, na tena lina saa zake za kazi. Alitaka ruhusa ya kufungua dari.

"Mtani," aliniuliza, "ni kitu gani kinawashwa saa tatu kwenye njia ya maabara?"

Nilijua palepale. Saa tatu ndipo upasuaji walipokuwa wanawasha mtambo wa kuchemshia vifaa vyao, mtambo unaokula umeme kama tanuri. Wakati wa ukarabati, fundi umeme alitaka kutoboa tundu la pili kwenye ule ukuta wa zamani wa mawe, apitishe waya wa mtambo peke yake. Ukuta ule ni mnene kama urefu wa mkono, vumbi lake lingechafua rangi mpya, na mgeni alikuwa anakuja baada ya siku tatu. Nikamwambia aupitishe kwenye bomba lilelile la waya wa mtandao. Alinikatalia. Alisema nyaya hizo mbili hazikai pamoja, moja inapata joto na nyingine haivumilii. Nikamwambia, "Pitisha, nitajibu mimi." Basi Mtani alikuwa amesimama mbele yangu na daftari lake, ndiye aliyekuja kudai jibu hilo bila mwenyewe kujua, na mimi nilimwambia sijui. Nikaongeza kwamba dari ni mpya na haifunguliwi kwa kubahatisha.

Kikao kiliitishwa wiki iliyofuata, maana malalamiko ya wodi yalikuwa yamefika juu. Mwenyekiti alikuwa mgeni Tabora, mtu wa mkoa wa mbali, mnyoofu, mwenye haraka. Mtani alieleza kwa utaratibu: tundu, waya, saa tatu, dari. Mwenyekiti akanigeukia akaniuliza mimi, msimamizi wake, nina maoni gani. Nilikuwa na maneno mawili ya kweli mdomoni. Badala yake nilisema, "Mheshimiwa, Mnyamwezi mpe pembe ya tembo ataifikisha pwani. Mpe waya, ataupoteza kabla hajafika Kigwa." Kikao kizima kiliangua kicheko. Mtani naye alicheka akapiga goti lake, kwa sababu ndivyo utani unavyotaka. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Aliinama akaandika, na niliposoma muhtasari baadaye nilikuta sentensi hii: msimamizi naye ana mashaka na uwezo wa fundi. Ningeweza kwenda kumweleza kwamba ule ulikuwa utani. Ofisi yake ilikuwa hatua ishirini kutoka kwangu. Siku nne baadaye barua ikaja, ile niliyoanza nayo.

Alipokuja kuaga alikuwa amebeba mfuko mmoja wa vifaa. Aliniambia, "Haya, Mgogo, umenizuia kisimani." Akacheka tena. Nikacheka. Akaondoka kurudi Kigwa kwenye mashamba ya baba yake, na nasikia alikuwa anatengeneza simu na redio za watu chini ya kibanda cha bati, mkono uliokuwa ukisoma makosa ya swichi ukichokonoa spika zilizojaa vumbi. Sisi tuliita kampuni kutoka mjini Dar es Salaam. Walileta swichi mpya, inayong'aa, matundu mengi kuliko ya zamani. Saa tatu asubuhi yake makosa yakaanza upya. Miezi mingi hospitali iliishi hivyo, ikilaumu kila kitu kilichokuwa kinaonekana, mpaka masika bati likavuja na kipande cha dari kikaanguka chenyewe. Fundi umeme aliniita nikatazame. Nyaya mbili zilikuwa zimegandana ndani ya bomba kama nyama iliyoungulia kwenye sufuria. Yeye alinitazama, mimi nikatazama juu. Nilimwambia avute waya mpya wa mtandao kwa njia nyingine. Alipomaliza, majibu ya maabara yakafika wodini, na hakuna aliyeuliza lolote. Hakuna aliyesema tumwite yule kijana wa Kigwa. Mimi ndiye niliyepaswa kusema.

Nimeishi vya kutosha kuona Tabora ikibadilisha inachobeba bila kubadilisha njia. Palipopita msafara ilipita reli, na kando ya reli leo umepita mkongo wa mawasiliano, na vijana wetu wanazungumza na dunia wakiwa wamekaa kijijini Ntalikwa. Tabia yetu ya kutafuta mkosaji ndiyo haijahama. Mwalimu anayetangaza kwamba watoto wamefeli tunamwita mwalimu mbaya. Muuguzi anayeandika kwamba dawa zimekwisha anapewa onyo. Tunamshika yule aliyepokea mzigo uliovunjika, kwa kuwa yuko karibu na mkono unamfikia, na aliyeuangusha mlimani anakuwa amekwisha kukaa kwenye meza ya kumhukumu. Nasema hivi kwa ujuzi, maana nilikaa kwenye meza hiyo.

Baada ya kustaafu, dhamiri ilinisumbua, nikaenda Kigwa. Nilimkuta kibandani, miwani puani, redio ya mtu imefunguliwa tumbo. Alinitukana vizuri, akaniuliza kama nimekuja kuomba maji au kuyauza. Nilikaa kwenye kreti la soda. Nilikuwa nimejizoeza maneno njiani, nikayasema yote bila kupumzika: kwamba siku ile aliyoniuliza kuhusu saa tatu nilijua, kwamba bomba lile nilipitisha mimi, kwamba barua nilisaini nikijua yeye hana kosa. Aliweka bisibisi chini. Kisha akauliza, taratibu, akinitazama machoni:

"Mtani, na hili nalo ni utani?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Nilipaswa kumjibu hapana, neno moja, nami ningekuwa mtu. Niliona uso wake, nikaona jinsi utakavyobadilika nikilisema, na nilichosema ni, "Ndiyo, Mtani. Nakutania tu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha hesabu yake. Akaokota bisibisi akarudi kwenye redio. Nilipoinuka kuondoka naye alisimama, akafuta mikono, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Uwe na safari njema."

Nikaitikia marahaba. Msomaji asiye na mtani ataona kijana ameonyesha adabu. Mimi nilijua nimefukuzwa. Tangu siku hiyo, tukikutana sokoni, stendi, kanisani kwenye harusi ya mtu, ilikuwa ni shikamoo mzee, hujambo nyumbani, basi. Nilimchokoza mara kadhaa. Nilimuuliza habari za kichwa kilichobonyea, mbele ya watu. Alitabasamu kwa heshima, kama unavyomtabasamia mzee wa mwenzako anayeanza kupotelewa na maneno, akaniombea afya njema.

Nilikwenda kwenye mazishi. Njia nzima nilijiambia kwamba huko angalau nitatimiza wajibu. Nitaingia kaburini, nitalala, nitasema Mnyamwezi huyu asizikwe mpaka alipe hongo ya kisima, watu watacheka katikati ya kilio, na kicheko hicho kitakuwa toba yangu. Nilipofika, Wagogo wawili wa stesheni ya Tura walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Mmoja alikuwa anamwigiza marehemu anavyotazama redio kwa jicho moja, wafiwa wanacheka huku wanalia. Nilivua koti nikawasogelea. Dada yake akanijia mbele, akanigusa kiwiko, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba viti vya wageni viko upande ule, kwenye turubai.

Nikamwambia, "Mama, mimi ni mtani wake."

"Kaka alinielekeza kabla hajazidiwa," alijibu. "Alisema ukija nikupokee vizuri, nikupe kiti, nikupe chakula. Alisema wewe ni mzee wake wa kazini."

Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia jambo lolote kuhusu waya wa maabara. Hakushangaa. Alisema kaka yake alijua tangu wiki ileile ya kikao, kabla hakijaanza. Alikuwa amepanda darini kupitia stoo ya mashuka, bila ruhusa, akaliona bomba na kilichomo, na fundi umeme akamwambia aliyeamuru. Nikauliza mbona hakusema kikaoni, mbele ya mwenyekiti, akaokoa kazi yake.

"Alisema mtani hamshitaki mtani," dada akasema. "Alikuwa anakungoja useme mwenyewe."

Nikaenda nikakaa. Kiti kilikuwa kizuri, chakula kilikuwa kingi. Kutoka pale kwenye turubai niliona vichwa vya watu tu, kaburi sikuliona.

Kwa walio maofisini nina somo moja, na nimelichelewesha mpaka halinifai tena. Ukisema "nitajibu mimi", jibu siku ile ile unayoulizwa, kabla swali halijamfikia mtu aliye chini yako. Wala usifiche uongo wako ndani ya desturi iliyowekwa ili watu wapendane, kwa maana utakapoutoa, desturi itatoka nayo. Mimi sikupoteza kazi. Nilistaafu kwa keki na cheti, na dari ile nyeupe imezibwa vizuri, haionyeshi kiraka. Saini yangu ilinigharimu mtu mmoja, aliyekuwa na ruhusa ya kunitukana na akaamua kuniheshimu. Amezikwa mimi nikiwa kwenye viti vya wageni, na zamu yangu itakapofika, hakuna Mnyamwezi atakayeshuka kaburini mwangu kulala.